Ufalme Ulioshindwa Kumtoza Tajiri Kodi

Louis XIV alitawala Ufaransa kuanzia 1643 hadi 1715, na hadi leo anakumbukwa kwa kauli kwamba dola ni yeye mwenyewe. Hakuna ushahidi kuwa aliwahi kuitamka. Hata hivyo, kauli hiyo imezaa hadithi nzima: kwamba wafalme wa Ufaransa walikuwa na mamlaka yasiyo na mipaka, na kwamba mwaka 1789 raia waliofumbuliwa macho na vitabu vya Voltaire na Rousseau wakaamka na kuyaangusha. Hadithi hiyo inakosea pale penye uzito wake. Ufalme ule haukuponzwa na wingi wa nguvu zake. Ulianguka kwa sababu haukuweza kumtoza tajiri kodi.

Kwa nadharia, mfalme aliwajibika kwa Mungu pekee. Kwa vitendo, amri yake haikuwa sheria mpaka iandikishwe na mahakama kuu zilizoitwa parlement, na ile ya Paris ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote. Majaji wake walikuwa wamenunua vyeo vyao kwa fedha, na tangu 1604 waliweza kuwarithisha watoto wao mradi walipe ada ya kila mwaka. Montesquieu, aliyesifika kwa kuandika juu ya mgawanyo wa madaraka, alirithi cheo kama hicho Bordeaux kutoka kwa ndugu wa baba yake, kisha akakiuza. Mfalme angemfukuzaje mtu ambaye kiti chake ni mali yake halali?

Kodi nazo zilikuwa vurugu tupu. Wakazi wa Bretagne hawakulipa kodi ya chumvi, ilhali jirani zao wa Anjou walitozwa kiwango cha juu kabisa, na magendo ya chumvi mpakani yakawa kazi ya vijiji vizima. Ukusanyaji wa kodi kama hiyo ulikodishwa kwa kampuni ya matajiri waliomkopesha mfalme kwanza, kisha wakajilipa kwa jasho la wakulima. Makabaila walisamehewa kodi kuu ya moja kwa moja. Kanisa, lenye ardhi nyingi mno, lilitoa mchango wa hiari liliojipangia lenyewe.

Serikali iliuona ugonjwa huo mapema, ikajaribu kuutibu mara kwa mara. Mwaka 1749 iliweka kodi mpya ya kumgusa kila mwenye kipato. Ndani ya miaka mitatu makasisi walikuwa wamejinasua. Mwaka 1771 waziri Maupeou alizivunja nguvu mahakama zile, lakini Louis XVI, mfalme mpya, kijana wa miaka 20, akazirudisha 1774 ili apendwe. Turgot, waziri wake wa fedha, alitaka kufuta kazi za shuruti barabarani na badala yake kuwatoza wenye ardhi wote. Mwaka 1776 akaondolewa. Kisha ikaja gharama ya kuwaunga mkono Wamarekani katika vita vyao dhidi ya Uingereza, na kufikia 1788 riba ya madeni ilikuwa inameza karibu nusu ya matumizi ya serikali.

Calonne, waziri wa fedha, alipendekeza kodi ya ardhi isiyomsamehe mtu. Februari 1787 aliwaita wakuu 144 wa nchi waibariki, wakakataa. Parlement ya Paris nayo ikasema kodi kama hiyo inahitaji ridhaa ya Baraza la Matabaka (wawakilishi wa makasisi, makabaila na raia wa kawaida), ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Agosti 1788 hazina ikasimamisha malipo. Baraza likafunguliwa Versailles tarehe 5 Mei 1789, na yaliyofuata yanajulikana.

Wanafalsafa je? Voltaire aliishi katika jumba la Frederick II wa Prussia kuanzia 1750 hadi 1753, na alimuunga mkono Maupeou dhidi ya majaji. Diderot alisafiri hadi St. Petersburg kumshauri Catherine II. Wengi wao walitaka mfalme mwenye busara na nguvu, si mfalme aliyepinduliwa. Ni kweli kwamba Azimio la Haki za Binadamu la Agosti 1789 limebeba fikra zao, na heshima hiyo wanastahili. Lakini waliotangulia kupiga kelele za uhuru dhidi ya udhalimu wa mawaziri walikuwa majaji, huku wakizuia kodi ambayo ingewagusa wao na makabaila wenzao.

Hapo ndipo ubaya wa hadithi ile ulipo. Inamtupia mtu mmoja lawama yote na kuwasafisha maelfu walioketi juu ya misamaha yao, huku mkulima akilipia vita, madeni na kasri. Uingereza, ambayo mfalme wake alifungwa mikono na bunge, ilitoza kodi nzito zaidi na kukopa kwa riba nafuu zaidi, kwa kuwa wenye mali walizipitisha wao wenyewe.

Mapinduzi hayakuipunguza dola ya Ufaransa. Yaliipa nguvu ambazo wafalme walizikosa. Misamaha ya kodi na biashara ya vyeo vilipigwa marufuku kuanzia usiku wa tarehe 4 Agosti 1789. Mwaka 1790 mikoa ya kale ilikatwa kuwa wilaya 83 zenye sheria moja. Agosti 1793 Jamhuri iliwaamuru vijana wote wasio na wake, wa miaka 18 hadi 25, waingie jeshini. Louis XIV, katika miaka yake yote 72 ya kutawala, hakuwahi kuwa na uwezo wa kutoa amri kama hiyo.