Ziara ya Historia Isiwe Matembezi

Mwaka mmoja nilibahatika kupanda kilima cha Zimbabwe Kuu, karibu na mji wa Masvingo. Njia ya kale hupenya katikati ya majabali, na mahali pengine ni nyembamba hata watu wawili hawapishani. Ukifika juu, takriban mita 80 kutoka bondeni, mji wa kale wote u chini ya macho yako: ule ukuta mkubwa wa mviringo, wenye kimo cha mita 11 penye urefu wake, umepangwa kwa mawe matupu pasipo chokaa wala saruji.

Kileleni tulikuta darasa la watoto. Mwalimu wao akawatangazia, "Hii ni kazi ya babu zetu!" Watoto wakaitikia, wakateremka. Neno lake lilikuwa kweli tupu. Lakini hapana mtoto aliyeulizwa: tunajuaje?

Swali hilo si dogo mahali pale. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alikata kibanzi cha boriti ya mlangoni, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana, akakata shauri kuwa ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba jengo lile ni la Malkia wa Sheba. Kwa penseli moja Waafrika wakanyang'anywa mji! Walowezi waliupenda uongo huo, kwa kuwa ulihalalisha utawala wao. Waliousahihisha walitumia sululu: David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walichimba, wakachunguza vigae vilivyofukiwa humo, wakathibitisha kuwa ni kazi ya wenyeji. Leo tunajua kuwa wajenzi walikuwa mababu wa Washona.

Kwa maoni yangu, mwalimu asemaye "babu zetu" bila kuonyesha ushahidi anafundisha kwa njia ya Mauch, ingawa jibu lake ni sahihi. Mtoto aliyekaririshwa fahari leo, kesho atakaririshwa dharau na mwenye sauti kubwa zaidi.

Waketini watoto kileleni kwanza, wachore wanachokiona. Mawe yalitoka wapi? (Matale ya kilima chenyewe hubambuka kwa joto na baridi, na wayatazame.) Kisha waelezeni kwamba sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, iliokotwa katika magofu yale. Ilifikaje huko bara? Hapo mtoto wa Kitanzania ataanza kuifuata dhahabu mpaka Sofala, na kutoka Sofala hadi pwani yake mwenyewe.

Hatuna nauli ya kwenda Masvingo, nakiri. Lakini shule za Monduli zina Engaruka, na za Kilwa zina Husuni Kubwa, jumba la sultani huyo huyo. Mtasema pia kwamba vipindi havitoshi. Basi punguzeni nukuu za ubaoni.

Katika mazoezi ya kufundisha yajayo nitayakagua maandalio yenu ya ziara. Nitasoma kwanza safu ya maswali.