Shehena Isifanywe Mwana wa Kambo

Neno "shehena", lenye asili ya Kiarabu, lilizoeleka katika mwambao wetu tangu enzi za majahazi. Nahodha aliyepakia boriti za Lamu alijua kwamba shehena ndiyo sababu ya safari. Katika ndege mambo yamepinduka: abiria ndiye bwana, nayo shehena husukumwa chini ya sakafu.

Shirika la Kenya Airways lilizaliwa mwaka wa 1977, baada ya kuvunjika kwa East African Airways. Mwaka wa 1996 hisa zake ziliuzwa kwa umma, na KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26. Tangu hapo, wengi wetu tumelipima kwa wingi wa abiria wake.

Yako mambo mawili yaliyopaswa kutuzindua. Mnamo Aprili 2010, jivu la volkeno ya Iceland lilifunga anga za Ulaya kwa siku kadhaa, na maua ya Naivasha yakaozea ghalani. Kisha Machi 2020, serikali iliposimamisha safari za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, ndege za mizigo ziliruhusiwa kuendelea. Katika janga hilo, Kenya Airways iling'oa viti vya ndege yake ya Boeing 787 na kupakia mizigo palipokaa abiria. Shehena iliyodharauliwa ikawa ndiyo tegemeo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maua yetu bado husafirishwa na mashirika ya kigeni. Hayo si maadui, ni wafanyabiashara. Wakipata faida nono kwingineko, huzihamisha ndege zao. Waridi lililokatwa halingoji, wala mishiri ya mkulima mdogo wa Kirinyaga. Mwenye shamba kubwa huenda akastahimili hasara ya juma moja. Kibarua wake na mkulima huyo hawana akiba hiyo.

Watakuwapo wasemao kwamba ndege ya mizigo ni ghali, na isipopata shehena ya kwenda na ya kurudi hula hasara. Ni kweli. Ndiyo maana jambo hili lahitaji mpango: maghala ya baridi karibu na wakulima, viwanja vya Eldoret na Mombasa vitumiwe zaidi, na ndege za mizigo ziongezwe kwa hesabu, si kwa fahari.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, sisi tunaotegemea cha mgeni?