Udongo wa gunia: usitupe wote, usirudishe wote



Mwisho wa msimu tunaona jambo moja, Butembo kama Beni: mutu anang'oa nyanya zake, anamwaga udongo wa gunia kwenye mufereji, kisha anachukua jembe na kupanda kilima kuchimba udongo mweusi mwingine. Na kusema kweli, sisi maagronomu ndio tulimufundisha vile. Tulisema: msimu mupya, udongo mupya. Tulikosea.

Butembo ni vilima. Udongo mweusi uko juu juu tu. Pale unapochimbwa, mvua inakuja kumaliza kazi. Na huku Beni, mama aliyekimbia vita hana shamba, magunia yake manne nyuma ya nyumba ndiyo shamba. Yeye akachimbe wapi? Kwa jirani?

Udongo uliochoka haujakufa. Maji ya kila siku yameshusha chakula chake, mizizi imeujaza, umeshikamana. Umwage chini, vunja mabonge, toa mizizi, changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri (si ile ya jana, ingali na moto). Kisha usirudishe nyanya. Wala biringanya, pilipili ao viazi vya kizungu: hizo zote ni ukoo mumoja na zinaambukizana magonjwa. Weka shu, poaro ao kitunguu.

Lakini kuna udongo hatutaki uurudishe hata kidogo: ule wa gunia ambamo nyanya ilinyauka ghafla, majani yangali ya kijani. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kishike ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Kama kisha dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni bakteria, na inaweza kukaa ndani ya udongo miaka. Wengine wanasema funika na plastiki juani. Kwa mawingu ya Butembo? Hatuamini. Na usiumwage kwenye mufereji, maji yataupeleka mpaka kwa viazi vya mwenzako kule chini. Chimba shimo mbali na mboga na mto, fukia, osha jembe na viatu. Wazee wa Beni walioona kahawa robusta ikikauka kwa traheomikozi miaka ya 1990 hawatacheka hapa.

Tunajua mutatuambia: samadi ni bei. Ndiyo, kwa mutu mumoja ni bei. Lakini maganda ya kakao yanaoza bure pembeni ya mashamba ya Beni, na Butembo majani ya soko yanatupwa kila jioni. Kila kikundi kianze lundo lake sasa, tusingoje siku ya kupanda. Linahitaji miezi mitatu hivi, na kugeuzwa mara kwa mara.