Andazi Lililoumwa

Mwezi uliopita nilikaa mezani kwenye msiba wa jirani, kalamu mkononi, nikiandika rambirambi. Jumuiya yetu hunipa kazi hiyo kila mara kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Jina, kiasi, sahihi. Elfu tano. Elfu kumi. Sukari kilo mbili. Mfiwa, mzee aliyempoteza mkewe, alikuwa ameketi mkekani chini ya turubai, hatua chache kutoka pale nilipokuwa. Tangu asubuhi alikuwa akikataa hata chai.

Akaja binti wa mpangaji wa nyumba ya pili, mtoto ambaye hata miaka minne hajatimiza, akiburuza kandambili za mama yake. Mkononi alikuwa na andazi, ameshaliuma pembe moja. Alisimama mbele ya mzee akamkazia macho, kama watoto wanavyotazama, bila haya. Kisha akamnyooshea lile andazi. "Babu, kula." Mzee akatikisa kichwa. Mtoto akalikata vipande viwili, kwa shida, maana lilikuwa la jana na vidole vyake ni vidogo. Akavitazama vyote viwili, akampa kile kisichoumwa. Mzee akakipokea, akala. Mtoto akaketi pembeni yake akamalizia cha kwake. Pole hakutoa, hajafundishwa bado.

Nilibaki na kalamu hewani. Daftari langu halikuwa na safu ya kitu kama kile.

Sina neno baya na rambirambi. Wengi wetu tumewazika wapendwa wetu kwa heshima kwa sababu majirani walifungua mifuko. Lakini kila aliyewahi kufiwa anajua kazi ya pili ya daftari lile. Siku msiba unapohamia kwa mwenzako, unalifungua na kutafuta jina lake: fulani alinipa elfu kumi, nami nitampelekea elfu kumi. Huo ni ujirani mwema. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Ila Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alimwambia mwenyeji wake jambo linalolivuruga daftari zima: ukiandaa karamu, waache rafiki na matajiri watakaokualika nao, uwaite maskini na vilema wasio na cha kukurudishia. Nimesikia mahubiri mengi juu ya maneno hayo. Kuyaona yakitendwa mbele ya macho yangu, na mtu aliyevaa kandambili zisizo zake, ilikuwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana toleo hili la jarida letu tumelitoa kwa watoto. Ninalotaka kusema kabla hujafika kwenye makala za wenzangu ni hili: watoto ni walimu wetu wa upendo usiodai malipo, na sisi wakubwa, kwa nia njema kabisa, ndio tunaowasahaulisha somo lenyewe.

Msomaji mwenye watoto nyumbani ataguna. Watoto hupigana kwa ajili ya kijiko. Augustino, Mwafrika wa Tagaste, ameandika katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake habari za mtoto mchanga aliyebadilika rangi kwa wivu alipomwona mwenzake akinyonya. Simpingi. Mtoto ana ubinafsi wake, tena haufichi. Anachokosa ni ule uhodari wetu wa kuufanya ubinafsi ufanane na ukarimu. Akinyima, amenyima. Akitoa, ametoa, na dakika mbili baadaye amesahau.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto 24 wa miezi 18. Mtu mzima wasiyemjua alikuwa akianika nguo, kibanio kinamponyoka, anakinyooshea mkono hakifikii. Au anakwenda kwenye kabati mikono imejaa magazeti, anashindwa kufungua mlango. Hakuomba msaada wala hakuahidi kitu. Karibu watoto wote walimsaidia angalau mara moja, na wengi walinyanyuka upesi.

Miaka miwili baadaye walirudi na swali jingine, kwa watoto wa miezi 20. Safari hii baadhi yao walipewa kijizawadi kila waliposaidia, wengine walishukuriwa tu, wengine hawakuambiwa lolote. Kisha zawadi zikakoma. Waliozoeshwa kulipwa ndio waliopunguza kusaidia. Wale ambao hawakupewa kitu waliendelea kuokota.

Niliposoma hayo nilikumbuka parokia moja ambako nilifundisha Sunday school miaka kadhaa. Tulikuwa na mashindano ya sadaka: darasa lililoleta nyingi zaidi kwa mwezi lilinunuliwa soda. Wazo lilikuwa langu. Mwezi wa kwanza kapu lilijaa, nikapongezwa na baraza. Kufikia mwezi wa tatu watoto walikuwa wakiwazomea wenzao waliokuja mikono mitupu, na kijana mmoja wa darasa la tatu aliacha kabisa kuja. Nilikwenda kwao. Mama yake aliniambia kwa upole, "Mwalimu, Jumapili hizi hatuna kitu, na yeye anaona aibu." Nilichukua watoto waliokuwa wakitoa kwa furaha nikawafundisha kuhesabu. Naliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa bado naona mashindano ya namna hiyo yakitangazwa mahali pengine kama ubunifu.

Tunapomsikia Yesu akimsimamisha mtoto katikati ya mitume waliokuwa wakibishana nani mkubwa, tunaona picha ya kupendeza ya kutundika ukutani. Waliokuwapo hawakuona hivyo. Kuna barua iliyopatikana Oxyrhynchus, Misri, ya mwaka 1 kabla ya Kristo. Kibarua aitwaye Hilarion anamwandikia mkewe Alis kutoka Aleksandria, kwa mapenzi, akimsihi amtunze mtoto waliye naye. Katika barua hiyohiyo anamwagiza kuhusu mimba aliyonayo: akizaliwa wa kiume amwache, akiwa wa kike amtupe. Hilarion hakuwa katili kuliko majirani zake. Ndivyo mtoto alivyokuwa katika dola ya Kirumi: mtu asiye na hesabu. Na huyo ndiye Yesu aliyemkumbatia, akawaambia kuwa anayempokea mmoja wa namna hiyo anampokea yeye.

Tazama pia mkutano wa watu 5,000. Injili zote nne zinausimulia muujiza wa mikate, lakini ni Yohana peke yake anayemtaja mvulana. Filipo anapiga hesabu: denari 200 hazitoshi, na denari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Andrea anamwona mvulana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, naye pia anapiga hesabu: vitafaa nini kwa umati wote huu? Shayiri ilikuwa mkate wa watu wa chini, kwa hiyo hatuna sababu ya kudhani mvulana yule alikuwa na akiba nyingine. Yohana haelezi kama aliombwa au alijitolea, wala jina lake halikuandikwa. Tunachojua ni kwamba chakula kilitoka mikononi mwake wakati watu wazima wakijadiliana.

Kanisa limewahi kuwaamini watoto kwa jambo kubwa. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Utoto Mtakatifu, ambao parokia nyingi za kwetu zinao hadi leo. Alichowaomba watoto ni Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja ya sou kwa mwezi, kwa ajili ya watoto wa mbali. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakiwa na watoto waliokombolewa utumwani, sehemu ya fedha za kuwalisha na kuwasomesha ilitoka kwenye sou hizo. Mtoto wa Nancy hakuijua Bagamoyo. Mtoto wa Bagamoyo hakujua analishwa na nani.

Msomaji wetu wa siku zote akifika ukurasa wa mwisho atakuta pengo. Kwa miaka tumechapisha pale majina ya wanaolichangia jarida hili pamoja na viwango vyao, kuanzia kikubwa kushuka chini. Kuanzia toleo hili tumeuondoa ukurasa huo. Hesabu zote ziko kwa mhasibu, stakabadhi zimetolewa, na anayetaka kuzikagua anakaribishwa ofisini. Wachangiaji wawili wameshanipigia simu wakisikitika, na mmoja amenikumbusha kwamba aliyekuwa wa mwisho mwaka jana alipanda hadi wa tatu mwaka huu. Nimemsikiliza hadi mwisho, nikamshukuru kwa fedha zake, na ukurasa haurudi.