Gari la Umeme Halitakasiki kwa Jina Lake Tu

Wako wanaoamini kwamba gari la umeme halichafui chochote, na wako wanaodai kuwa ni hadaa tupu ya mataifa tajiri. Pande zote mbili zimekosea. Ukweli ni kwamba gari hilo lapaswa kupimwa kwa mambo matatu: namna lilivyoundwa, umeme unaoliendesha, na mahali betri yake itakapotupwa. Katika jambo la pili Kenya imejaliwa. Katika la tatu, tumekwisha kuonja uchungu wa uzembe.

Tuanze na petroli. Lita moja ya petroli haifiki kilo moja kwa uzani, lakini ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za gesi ya kaboni. Mwanafunzi wa kemia hatashangaa, kwa kuwa kaboni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na uzani ukazidi. Isitoshe, injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa njia ya joto. Ni kama robo tu inayozungusha magurudumu. Mota ya umeme, kinyume chake, hutumia zaidi ya robo tatu ya nguvu inayopewa. Tena haina bomba la kumtemea moshi mpita njia.

Hata hivyo, gari la umeme huzaliwa na deni. Kuchimba madini ya betri na kuiunda betri yenyewe hula nishati nyingi, hata likitoka kiwandani huwa limeichafua hewa kuliko mwenzake wa petroli. Deni hilo hulipwa barabarani, kilomita baada ya kilomita. Katika nchi kama India, ambako umeme mwingi hutokana na makaa ya mawe, hulipwa polepole. Kwetu hulipwa upesi, kwani takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme unaozalishwa humu nchini hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana, na jua.

Neema hiyo haikujilinda yenyewe. Mnamo Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, baada ya wakazi kuupinga. Kila tutakapojaribiwa kurudi kwenye makaa hayo, tukumbuke kwamba gari la umeme haliwezi kuwa safi kuliko mtambo unaolilisha.

Saa ya kuchaji nayo ina uzito wake. Jioni, watu wanapopika na kuwasha taa, mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu huitwa kusaidia. Usiku wa manane mahitaji hupungua, na mvuke wa Olkaria huweza hata kuachwa ukapotea bure. Ndiyo maana bei nafuu ya kuchaji magari usiku, iliyoanzishwa mwaka wa 2023, ni hatua ya busara inayostahili kutangazwa zaidi.

Sasa tuigeukie betri. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako katika machimbo ya Kolwezi watoto wamekutwa wakifanya kazi ya watu wazima. Si kila betri huhitaji kobalti. Ziko zinazotumia chuma na fosfeti, na hizo zafaa kupendelewa.

Lakini hatari iliyo mlangoni petu ni taka. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Kilianza kazi mwaka wa 2007, kikafungwa 2014, na sumu yake ikabaki katika damu ya watoto. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo mwaka wa 2024. Betri zile zilikuwa za magari ya kawaida. Betri za magari ya umeme si za risasi, lakini ni kubwa mno, na zikitupwa ovyo huweza kushika moto na kuharibu udongo.

Zaidi ya hayo, sheria yetu huruhusu magari yaliyotumika hadi miaka minane kuingizwa nchini. Gari kuukuu la petroli huweza kutengenezwa likaendelea. Gari kuukuu la umeme laweza kuteremshwa bandarini na betri iliyokwisha kuchoka, na taka ya wengine ikawa urithi wetu.

Kwa hiyo twaishauri serikali mambo mawili. Kila betri inayoingia ipimwe na kusajiliwa bandarini. Na mwingizaji alazimishwe kuipokea itakapokufa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu usimamizi wa taka, ambayo tayari humbebesha mzalishaji mzigo huo.

Hapa Kenya, gari la umeme ni afadhali kuliko la petroli. Hilo halina ubishi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu bado ni mdogo. Magari haya yangali machache. Yakishafika maelfu kwa maelfu, wa kwanza kuulipia uzembe wetu watakuwa watoto wa mitaa iliyo mfano wa Owino Uhuru.