Kinga ni ya wote, amande ni ya nani?



Juma hili tunasema juu ya kinga. Si ile ya kutembelea, ni ile ya kazi: ya makala, mihogo, sombe, mifuko ya unga, na mara nyingi mtoto mmoja juu ya mzigo. Hapa Likasi mama ambaye hana kinga anabeba kwa kichwa, na shingo ya mama si ya chuma. Kwa hiyo wengi wenu munakodi kinga kwa siku. Sisi wa kundi letu la Kikula tulinunua tatu kwa feza za likelemba ili tuzitumie kwa zamu, tukafikiri taabu imekwisha. Kumbe ilihama nyumba tu.

Taabu za kinga ya zamu munazijua. Kuna anayeirudisha usiku, kuna anayeirudisha imetoboka na kusema ameikuta vile, kuna ambaye kijana wake anaichukua kwenda kumuonyesha rafiki. Hayo tuliyamaliza kwa kaye. Kabla kinga haijatoka tunaandika hali ya mipira, sheni, breki na saa, na mwenye zamu anatia jina. Haikutuletea ugomvi tena, isipokuwa juu ya pompi, ambayo mpaka leo hakuna anayejua iko kwa nani.

Jambo ambalo kaye haikuliandika ni mahali pa kuisimamisha.

Siku ya Ine moja, wakati wa mvua, mmoja wetu alifika kwenye soko moja la mji na mifuko miwili ya makala. Ndani palikuwa pamejaa, hata mtu mwenye beseni alipita kwa shida. Akaegemeza kinga kwenye nguzo kando ya barabara, pale ambapo zingine karibu ishirini zilikuwa zimeegemezwa, akaingiza mfuko wa kwanza. Aliporudi, wanaume wenye jile walikuwa wanapandisha kinga kwenye kamioneti. Wakamwambia amesimamisha barabarani, amande ni franga 20,000, na kila usiku ambao kinga italala kwao ni 5,000 juu yake. Mifuko yote miwili, ikiuzwa vizuri, ingemwachia 12,000. Mpaka feza zipatikane, kinga ilikuwa imelala huko mara tatu. Ni 35,000, na hakupewa hata kipande cha karatasi.

Sasa tunakuja kwa kosa letu sisi, na tunaliandika hapa kwa sababu kundi lingine linaweza kulifanya. Kwenye mkutano tulisoma sheria yetu: anayeharibu kinga akiwa na zamu, yeye ndiye anatengeneza. Tukasema amande ni vilevile, alipe. Hakubisha. Alilipa. Juma lililofuata hakuja kwenye likelemba, na lile lingine pia hakuja. Tukatuma wamama wawili waende kumsalimia. Wakakuta kwamba alikuwa ametoa feza ya masomo ya mkubwa wake wa sekondari, na mtoto alikuwa amekaa nyumbani.

Tuliona haya. Asubuhi ile, kila mmoja wetu angeegemeza kinga kwenye nguzo ileile. Yeye hakuharibu kitu, ilikuwa tu zamu yake. Tumemrudishia feza zake kutoka mfuko wa kundi, na mtoto amerudi shuleni, lakini majuma mawili ya masomo hatuwezi kumrudishia.

Kwa wale wanaokodi mambo ni magumu zaidi. Jirani yetu mmoja wa Panda alikodi kwa franga 3,000 kwa siku. Kinga ikachukuliwa, ikafungwa siku sita, na mwenyewe akadai 18,000 ya siku zile, mbali na amande. Ni kusema, mama alilipia kinga iliyokuwa imelala nyuma ya mlango wa watu. Tulimuuliza mwenye kinga. Akajibu: "Mimi sikumtuma aisimamishe pale." Hatuwezi kumtukana, maana ile kinga ndiyo shamba lake, na wengine wenye kukodisha ni wajane kama sisi. Hata hivyo tunaona hivi: mama akitoa habari siku ileile, siku za kufungwa zisihesabiwe kuwa siku za kukodi. Nyinyi wenye kukodisha, kama munaona vingine, mutuambie.

Musifikiri ni taabu ya Likasi tu. Binti ya mmoja wetu anaishi Bruxelles, na huko pia watu wanatumia kinga ambazo si zao: unafungua kwa simu, unaenda, unaacha, mwingine anachukua. Aliacha moja karibu na nyumba yake, nje kidogo ya alama zilizochorwa chini. Kesho yake feza zilikuwa zimekatwa bila mtu kumuuliza kitu. Alipolalamika walimtumia picha ya kinga na alama. Alimpigia mama yake simu kwa hasira, na mama yake, tunasikitika kusema, alicheka.

Lakini angalia vizuri tofauti. Paris, walipoanzisha kinga zao za Vélib' mwaka 2007, kila mtu alijua kabla ya kupanda kwamba asiporudisha kinga wanaweza kumkata mpaka euro 150. Karibu na sisi, Kigali, mwaka 2021 walianzisha kinga za Guraride, na zenyewe zilikuwa za kuchukuliwa kituoni na kurudishwa kituoni. Ni kusema kituo kinatangulia, ndipo amande inafuata. Kwetu amande imefika, kituo bado. Gari likifika sokoni linatafutiwa nafasi. Kinga ya mama, yenye mifuko miwili, inaambiwa iondoke bila kuambiwa iende wapi.

Hatusemi mama afunge barabara. Sheria ya barabara ya nchi yetu, ya tarehe 30 Agosti 1978, inahusu kinga pia, na kamioni ikikosa pa kupita mtoto wa mtu anaweza kugongwa. Tunasema juu ya feza isiyo na karatasi. Hata wazee wetu wa wakati wa Jadotville, ambao walilipia kinga kodi ya Wabelgiji, walipewa kibati cha kupigilia kwenye kinga, na aliyekuwa nacho hakuulizwa mara ya pili. Na Katiba yetu ya 2006, kifungo cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Basi mtu akikuomba feza ya kusimamisha ao amande, umuulize kwa heshima, "Baba, karatasi yake iko wapi?" Iwe na namba, muhuri, na kiasi kilichoandikwa kwa maneno. Usimkimbie, usimtukane, na usiende peke yako. Mama mmoja akiuliza anaonekana mkaidi. Wamama watano wakiuliza, tumeona wenyewe, karatasi inapatikana, na mara moja amande yenyewe ilipungua njiani.

Kwenye kaye yetu tumeongeza mambo mawili. Amande ya mahali pa kusimamisha inatoka kwenye mfuko wa kundi, labda mwenye zamu awe ameonywa mbele ya watu na akakataa. Na kila mwenye zamu anaweka 200 pembeni siku anapochukua kinga, iwe anaenda sokoni ao anaenda kuchota maji. Mmoja wetu amesema 200 ni nyingi. Tutalizungumza.

Siku ya Posho, saa nane, tunaandika barua kwa komini kuomba nafasi ya kinga karibu na soko, hata iwe na upana wa nyumba moja tu, yenye kamba na mlinzi wa kulipwa. Wamama wa Shituru na Panda ambao kinga zao zilichukuliwa, mulete tarehe na kiasi mulicholipa. Aliye na karatasi alete karatasi. Na aliye na pompi, tafadhali, alete pompi.