Mwanafunzi Wetu Yuko Ufukweni: Tusimpime kwa Picha

Kila mwezi Agosti huzuka mazungumzo yale yale katika makundi ya WhatsApp ya parokia na jumuiya zetu. Kijana aliyekwenda Italia kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, au frateri aliyetumwa kuendelea na masomo Roma, anatuma picha: yeye na wenzake watano wamekaa mchangani, bahari iko nyuma yao, wote wanacheka. Mmoja anampongeza. Mwingine anaandika kwa utani wenye mwiba: "Sisi huku tunachanga, mwenzetu anakula bata." Baada ya hapo kijana hatumi tena picha. Akipiga simu anazungumzia vitabu na mitihani tu.

Sisi tunaona kwamba jambo hili si dogo. Mwanafunzi aliyejifunza kuwaficha watu wa nyumbani furaha yake, kesho atawaficha pia ugonjwa, mtihani alioshindwa na mashaka ya wito. Msimamo wetu ni kwamba siku ya mapumziko baharini pamoja na marafiki ni sehemu halali ya masomo ya ughaibuni. Haipaswi kufanywa kwa siri, wala kupokewa kwa kijicho.

Kwanza tuelewe mazingira yenyewe. Mwezi Agosti vyuo vya Roma huwa vimefungwa. Joto hupita nyuzi 30, maduka mengi huweka tangazo la likizo mlangoni, na wenyeji huondoka kwenda baharini au milimani. Tarehe 15 Agosti, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, ni sikukuu ya amri na pia sikukuu ya taifa ambayo Waitaliano huiita Ferragosto. Wanafunzi wenzake wa Kiitaliano wamekwenda kwa bibi zao. Wanaobaki bwenini ni wale ambao nauli ya kurudi kwao ni kubwa mno: Mtanzania, Mnigeria, Mhindi, Mvietinamu. Ukimya wa bweni la namna hiyo ni mzito, na aliyeuonja anajua kwamba upweke haumpati mzee peke yake.

Sasa, bahari iko wapi? Ostia iko umbali wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Roma. Treni huondokea kituo cha Porta San Paolo na kufika katika muda wa nusu saa au zaidi kidogo, kwa tiketi ile ile ya kawaida inayotumika kwenye mabasi ya mjini. Ufukweni kuna sehemu za kulipia, zenye viti na miavuli iliyopangwa mistari, na kuna sehemu za wazi ambazo mtu hutandika taulo lake bila kulipa chochote. Vijana wetu huenda huko kwenye sehemu za wazi. Wanabeba mkate, matunda na maji. Mchanga wa Ostia ni wa rangi ya kijivu, haufikii weupe wa mchanga wa Zanzibar, lakini kwa kijana wa Tabora au Songea huenda hiyo ndiyo bahari ya kwanza kuingiza miguu yake. Picha haionyeshi bei ya tiketi wala mkate ulioletwa kutoka bwenini. Inaonyesha bahari tu, nasi wengine tunajaza yaliyobaki kwa mawazo yetu.

Tena, Ostia si mahali pageni kwa Kanisa. Minucius Felix, mwandishi Mkristo aliyeishi kati ya karne ya 2 na ya 3, aliandika kitabu kiitwacho Octavius. Kinaanza na marafiki watatu waliokwenda Ostia wakati mahakama zimefungwa kwa likizo ya mavuno ya zabibu. Wawili ni Wakristo, na wa tatu, Caecilius, bado anaabudu miungu ya Warumi. Wanatembea pembezoni mwa maji na kusimama kuwatazama watoto wanaoshindana kurusha vigae virukeruke juu ya mawimbi. Halafu wanaketi juu ya mawe na kuanza kujadiliana kuhusu Mungu. Mwisho wa mazungumzo Caecilius anakubali imani. Bila likizo ile, wasingepata nafasi ya kukaa hivyo na kusikilizana hadi mwisho.

Miaka mingi baadaye, mwaka 387, Mwafrika mwingine alifika Ostia pamoja na mama yake. Ni Augustino, mzaliwa wa Tagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria. Yeye na Monika walikuwa wakipumzika baada ya safari ndefu, wakisubiri meli ya kuwarudisha Afrika. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi walivyosimama wawili dirishani na kuzungumza juu ya uzima wa milele hadi mioyo yao ikaonja kidogo furaha yake. Siku chache baadaye Monika aliugua, na akafia pale pale akiwa na umri wa miaka 56. Alipoulizwa kama haogopi kuacha mwili wake mbali na kwao, alijibu kwamba kwa Mungu hakuna kilicho mbali. Neno hilo lilisemwa na mama Mwafrika akiwa ugenini, katika siku ambazo yeye na mwanawe walikuwa wameziweka kuwa za kupumzika.

Hatusemi kwamba kila kijana anayeoga Ostia anarudi na maono. Wengi hurudi na ngozi iliyochomwa na jua na mchanga viatuni. Tunasema kwamba mapumziko pamoja na wengine hufungua mlango ambao maktaba haiufungui. Bwana wetu mwenyewe, mitume waliporudi kutoka utume wakiwa hawana hata nafasi ya kula, aliwaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Aliwaita kama kundi. Na sisi nyumbani tunalijua hilo. Mahujaji wetu huenda Bagamoyo, walikofika Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Husali, huadhimisha Misa Takatifu, kisha wengi hushuka ufukweni na kukunja suruali zao. Hakuna anayewauliza kwa nini wamekula bata. Kwa nini tumuulize kijana aliye Roma?

Wapo watakaotujibu kwamba michango ya waamini ni jasho la watu, na kwamba mama aliyeuza mahindi ili atoe elfu tano anayo haki ya kujua matumizi yake. Ni kweli, na haki hiyo hatuigusi. Tena tunakubali kwamba kuna mapumziko yanayogeuka kuwa utoro: mtu anayekosa Misa ya Dominika kwa sababu ya bahari, anayekopa ili aonekane, anayechagua marafiki kwa unene wa mifuko yao. Huyo anahitaji kuonywa. Lakini anaonywa kwa kuulizwa ana kwa ana, na mtu anayempenda. Utani wa kundini haujamrekebisha mtu. Umewafundisha wengi kunyamaza.

Kwa hiyo, kwenu mlioko masomoni ughaibuni tunasema: pumzikeni bila kujificha. Mkituma picha, tumeni na maelezo yake. Semeni mmekwenda na nani, mmesafiri kwa treni gani, mmekula nini, mmesali wapi. Tajeni gharama yenyewe. Ukweli mdogo huzima maneno mengi. Na msiende na Watanzania wenzenu peke yao. Mchukueni na yule aliyebaki peke yake kwenye chumba cha mwisho cha korido, awe wa dini yetu au asiwe. Caecilius naye alialikwa kabla hajaamini.

Kwenu wazazi, walezi na wanajumuiya, tunawaomba mbadilishe swali. Badala ya kuuliza, "Hela yetu ndiyo hiyo?", ulizeni, "Mwanangu, umepumzika? Hao wenzako ni akina nani? Wanatoka wapi?" Majibu yake yatawaeleza hali ya kijana wenu kuliko matokeo ya mitihani. Akitaja majina matatu ya marafiki na kueleza habari zao, shukuruni Mungu. Akikosa hata jina moja, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi, hata kama alama zake ni nzuri.

Tarehe 27 Agosti Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake mwanawe Augustino. Tunapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo, katika siku hizo mbili, iwaombee kwa majina vijana wake wanaosoma mbali, kisha mtu mmoja apewe kazi ya kuwapigia simu bila kuwadai taarifa yoyote. Dakika kumi zinatosha. Wasalimieni, wacheni wacheke, na wakianza kusimulia habari za bahari, wasikilizeni hadi mwisho.